Unatumia kamera gani? Na mengine tunayodanganyana kuhusu dokumentari

Kila nikisema natengeneza dokumentari swali la kwanza ni hilo, kamera gani. Sijawahi kuulizwa maiki gani, hata siku moja.

Basi tuanzie hapohapo. Eti ukiwa na kamera kali dokumentari ishakuwa. Si kweli kabisa, mtu anavumilia picha yenye chenga ila sauti mbovu haivumilii hata dakika mbili, anafunga anaenda zake. Mimi ujinga huu niliulipia Bagamoyo. Nilikodi kamera ya bei mbaya, sauti nikaachia kile kimaiki cha juu ya kamera, nikaenda kumshuti mzee mmoja fundi wa mashua. Mzee anakalafati, anasokota pamba, anaichovya kwenye mafuta, anaisukumiza kwenye mwanya wa mbao kwa patasi na nyundo, tik tik tik, huku anasimulia baba yake alivyomnyang'anya nyundo siku ya kwanza kazini. Picha tamu balaa! Nafika home navaa hedifoni, nasikia upepo wa bahari vuuuu na jenereta la kibanda cha juisi, mzee anachezesha mdomo tu. Wiki iliyofuata nikarudi na maiki ya kubana kwenye kola, ile yenye manyoya ya kuzuia upepo, shikamoo mzee, naomba unisimulie tena ile ya nyundo. "Mwanangu, ile si nilishakwambia?" Akasimulia kweli, ila kama mtu anasoma taarifa ya habari. Siku hizi sibonyezi rekodi bila hedifoni masikioni, na kabla ya kuondoka sehemu nawaomba watu wakae kimya dakika nzima nirekodi ule ukimya wenyewe, maana kwenye kuediti ndo unaziba nao mashimo ya sauti.

Kwa wale wa kamera bado mna hamu, haya chukueni moja: umeme wetu ni Hz 50, so ukishuti ndani kwenye taa za tyubu weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, la sivyo picha inapepesa mpaka kichwa kinauma.

Eti dokumentari haina skripti, unafuata tu matukio. Hapa wengi wanarudi na hadidisk imejaa halafu hawajui waanzie wapi. Uvuvi haramu ni mada, si stori. Stori ni mvuvi aliyechomewa nyavu na ana wiki tatu za kurudisha mkopo wa kikoba. Kabla hujatoka nyumbani andika ukurasa mmoja tu, nani anataka nini, nini kinamzuia, na asipokipata nini kinaharibika. Ukishashuti unaandika upya, unanakili kila kilichosemwa neno kwa neno, unaprinti, unachukua mkasi unakata, unapanga sakafuni kama unapanga kanga. Inachosha jamani, mimi filamu ya dakika 14 ilitoka kwenye masaa 11 ya nilichoshuti. Kuna dada aliyeniambia "mi naediti kichwani", na mpaka leo filamu yake iko kichwani.

Eti ni ukweli mtupu, hakuna kupanga chochote. Kupanga kulianza zamani sana. Ile Nanook of the North ya 1922, filamu ya maisha ya Wainuit wa kaskazini mwa Kanada ambayo madarasa mengi ya dokumentari yanaanza nayo, mtengenezaji wake Flaherty alijengewa nyumba ya barafu kubwa kuliko kawaida na upande mmoja wazi ili mwanga uingie, na wawindaji akawaambia watumie mikuki wakati bunduki walikuwa nazo. Mi mstari wangu uko hivi, kumwomba mzee apite tena pale mlangoni sina shida, kumwambia aseme alikula njaa wakati alikula, hapana.

Eti niko nchini kwangu, kibali cha nini. Tanzania Bara kuna Bodi ya Filamu, Zanzibar wana chombo chao kwa hiyo usivuke na karatasi ya Bara ukadhani umemaliza, Kenya kuna KFCB, bodi yao ya filamu, na droni ni watu wa usafiri wa anga. Unayemshuti naye asaini karatasi ya kukubali, kama hasomi msomee, akubali kwa mdomo kamera ikiwa inawaka.

Eti nikimaliza natupia YouTube, hela inaingia. Hii ndo inaniuma. Matamasha mengi makubwa yanataka filamu ambayo haijaonekana popote, ukishaiweka wazi umejifungia milango mwenyewe. Anza na matamasha, ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ipo pale Unguja tangu miaka ya tisini, halafu zungumza na televisheni na mashirika yanayohusika na mada yako, YouTube iwe mwisho. Na hela ya kuanzia pia ipo ukiitafuta mapema, Docubox, mfuko wa dokumentari wa Nairobi, wanasaidia watengenezaji wa Afrika Mashariki, ila watataka ule ukurasa mmoja nilioutaja, hawatauliza kamera yako.

Ah, na muziki. Hakuna kitu kinaitwa "sekunde nane ni bure". Wimbo wa Bongo Fleva uliopita nyuma ya stori yako unaombewa ruhusa, au mtafute mshkaji anayepiga gitaa muandikishane.

Mzee wangu wa Bagamoyo nilimpelekea ilipoisha. Tuliangalia kwenye laptop palepale kibandani, mwenye juisi akatuzimia jenereta dakika 14. Mzee kimya mpaka mwisho, halafu: "Mbona pale nilipocheka umekata?" Nikarudi kuchimba kwenye hadidisk ya pili, ya kwanza ilishakufa. Kicheko kipo, sekunde nne, nimekirudisha.