Kwa nini posti yako inavurugika ukishabonyeza tuma, na mimi natumia brauza gani

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye hii kazi sio la usalama wala la spidi, ni hili: "mbona nimepanga vizuri kabisa, aya zimekaa, vichwa vimekaa, nikibonyeza tuma kinatoka kitu kingine?" Na linalofuata huwa "kwani we unatumia brauza gani?" Watu wanauliza kama ni maswali mawili ila kwangu mimi hilo ni swali moja, na leo nalijibu kwa urefu maana kila siku nalijibu vipande vipande kwenye meseji halafu mtu anabaki palepale.

Kazi yangu ni kutengeneza yale maboksi ya kuandikia, yale yenye vitufe vya herufi nzito na italiki na picha hapo juu. Kwa hiyo nayaona kwa ndani, na kwa ndani, nikwambie tu ukweli, hamna usafi wowote.

Tuanze na enta. Ukurasa wa wavuti hauijui enta. HTML, yani lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ikikuta enta, au tabu, au nafasi kumi zimefuatana, yote inaihesabu kama nafasi moja tu, basi. Ukitaka mstari ukatike lazima iwepo tagi, yani alama inayoiambia brauza ifanye nini, kuna ya br ya kukata mstari na ya p ya aya. Sasa we unabonyeza enta kwenye boksi, lazima kuna mtu akugeuzie hiyo enta iwe tagi, na ugomvi wote unaanzia hapo, ni nani huyo anayegeuza. Kama boksi ni la maandishi matupu mara nyingi seva, yani kompyuta ya saiti inayopokea posti yako, ndo inageuza, na kila seva ina akili zake, nyingine enta moja inakata mstari, nyingine inataka mbili, na kwenye Markdown, namna ya kupamba maandishi kwa alama za kawaida za kibodi, ile ya John Gruber ya mwaka 2004 ambayo saiti nyingi zimeirithi na kuichakachua kila mtu kivyake, enta moja kwa kanuni yake ya asili haikati mstari mpaka uache nafasi mbili mwishoni mwa mstari. Nafasi mbili ambazo huzioni kwa macho! Na programu nyingi za kuandikia kodi zimesetiwa kuzifuta zenyewe ukihifadhi faili, yani mtu amefuata kanuni sawasawa halafu programu inapita nyuma yake inafuta.

Kama boksi ni lile la vitufe, anayegeuza ni brauza yenyewe, na hapa ndo nakuwaga na hasira kidogo. Brauza ya kwanza kabisa, ile Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliyoitengeneza kwenye maabara ya fizikia ya CERN mwaka 1990, ilikuwa ya kusoma na kuandika, dirisha lilelile unasoma na unahariri. Zilizokuja kupata umaarufu baada ya hapo, kama Mosaic ya 1993, zilikuwa kimsingi za kusoma. Kuandika kukarudishwa baadaye kwa mlango wa uani: Microsoft walileta kitu kinaitwa contentEditable kwenye Internet Explorer 5.5 mwaka 2000, unaiambia sehemu ya ukurasa "we sasa unaharirika" na inaharirika kweli. Wengine wakaiga. Ila hakuna aliyekaa chini akaandika kanuni kwamba mtu akibonyeza enta itoke tagi gani, kwa hiyo Internet Explorer ikawa inatoa p, Chrome na Safari zinatoa div, tagi ya fungu lolote tu, Firefox inatoa br na iliendelea hivyo hadi toleo la 60 mwaka 2018 ndo ikahamia kwenye div. Sentensi ileile, vidole vilevile, kodi tatu tofauti chini yake. Sasa fikiria aliyetengeneza saiti kapima kwenye brauza moja tu, kaandika kwamba kila p iachiwe uwazi chini yake, we umeandikia kwenye brauza inayotoa div, aya zako zote zinagandana kama tambi zilizopikwa zikasahauliwa. Na ukimuuliza atakwambia kwake inaonekana vizuri, na hadanganyi.

Haya, hiyo ni enta tu. Kimbunga chenyewe ni kopi na pesti.

Ukikopi kitu, kompyuta haibebi maandishi tu, inabeba matoleo kadhaa kwa mpigo: moja la maandishi matupu, moja la HTML lenye mapambo yote, wakati mwingine na mengine. Unapobandika kwenye boksi la vitufe, boksi linapendelea lile lenye mapambo. Ukitoka Word unaletewa mzigo wa majina ya mitindo (class) yanayoitwa MsoNormal na mitindo ya mso hii mso ile ambayo nje ya Word haina maana kwa mtu yeyote. Ila kinachonifurahisha, kama naweza kusema hivyo, ni Google Docs. Ukikopi kutoka pale, maandishi yako yote yanakuja yamefungwa ndani ya tagi ya b, yani tagi ya herufi nzito, halafu hiyohiyo tagi imepewa mtindo unaosema uzito wa herufi uwe wa kawaida. Soma tena. Tagi inayosema "nenepesha" ikiwa na maelezo yanayosema "usinenepeshe". Ukibandika sehemu inayoheshimu yote mawili huoni kitu, maandishi yako kawaida kabisa. Ukibandika kwenye saiti inayofuta mitindo lakini inaacha tagi, mtindo unaondoka, b inabaki, na posti yako nzima toka neno la kwanza hadi la mwisho inakuwa nzito. Mtu anahangaika kubonyeza kitufe cha B kuitoa, inatoka hapa inabaki pale, anafikiri kibodi imeharibika. Programu za kuhariri zilizoandikwa vizuri siku hizi zinaijua hii na zinaishughulikia maalum. Zilizoandikwa haraka haraka hazijui.

Mdogo wake huyo ni rangi. HTML unayokopi kutoka ukurasa mwingine inaweza kuja na rangi nyeusi ya herufi na nyeupe ya nyuma, zimeandikwa wazi kabisa ndani ya kila kipande. Kwako unaona sawa, skrini yako nyeupe. Msomaji aliyeweka modi ya giza anaona aidha mabango meupe yamebandikwa kwenye ukurasa mweusi, au kama saiti imefuta rangi ya nyuma ikaacha ya herufi, anaona giza juu ya giza, hamna maandishi. Saizi ya herufi nayo ni hivyohivyo, imekuja imeandikwa piksel kadhaa, basi yule msomaji aliyekuza herufi kwenye setingi za brauza yake kwa sababu macho yanamsumbua, kwa ile posti yako peke yake zinabaki ndogo.

Kuna watu wananiuliza kwa nini sasa saiti zisikubali tu kila kitu zionyeshe kama ilivyo. Hapana aisee. Oktoba 2005, kijana anaitwa Samy Kamkar aliweka kodi kwenye profaili yake ya MySpace, mtandao wa kijamii uliotamba wakati ule, kila aliyeifungua anamuongeza Samy kuwa rafiki bila kujua na ile kodi inajinakili kwenye profaili yake na yeye, ndani ya masaa kama 20 jamaa alikuwa na maombi zaidi ya milioni 1 na saiti ikabidi izimwe kwa muda. MySpace walikuwa wanachuja neno javascript, lile linaloita kodi iendeshwe ndani ya ukurasa, sasa yeye alilikata katikati kwa enta, java mstari wa juu script mstari wa chini, chujio halikuliona ila baadhi ya brauza za wakati ule zikayaunganisha zenyewe na kuyaendesha. Enta hiyohiyo tunayoilalamikia. Tangu hapo kila mwenye akili anachuja kwa kuruhusu tagi chache anazozijua na kutupa zilizobaki, na jedwali lako zuri lenye rangi linakufa hapo, halina kosa ila halimo kwenye orodha.

Sasa vitu vidogo vinavyoua kimyakimya. Kuna herufi inaitwa nafasi isiyokatika, inaonekana kama nafasi ya kawaida kabisa ila inaiambia brauza "haya maneno mawili usiyatenganishe". Word wanaiweka hapa na pale, na brauza yenyewe ukiandika nafasi mbili mfululizo kwenye boksi la vitufe inaweza kuibadilisha moja iwe hiyo, kwa sababu vinginevyo zingehesabiwa moja. Ukibandika aya ambayo nafasi zake zote ni za namna hiyo, kwa macho ya brauza ile sio aya, ni neno moja refu, na kwenye simu linatoka nje ya skrini upande wa kulia msomaji anabaki kusukuma kwa kidole.

Na sisi tunaoandika Kiswahili tuna la kwetu, ile alama ya juu kwenye ng'ombe na ng'ambo. Word na kibodi nyingi za simu zinaipinda zenyewe iwe ya mkunjo. Hiyo ya mkunjo kwenye UTF-8, usimbaji wa herufi unaotumika kwenye wavuti siku hizi, inachukua baiti 3, na mfumo wowote njiani unaosoma kwa Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows, unaziona hizo baiti kama herufi 3 tofauti, ndo unapata ngâ€™ombe. Ukiona hiyo takataka usihangaike na fonti, fonti haina kosa, tatizo liko kwenye usimbaji wa herufi. Emoji nazo zina ugonjwa wa ukoo huohuo: kwenye MySQL, programu ya hifadhidata ambayo saiti nyingi zinatunzia posti, ile seti ya herufi iliyoitwa utf8 ilikuwa inabeba mpaka baiti 3 tu wakati emoji nyingi ni baiti 4, tiba yake utf8mb4 ikaja na toleo 5.5.3 mwaka 2010, ila mifumo ya zamani iliyoachwa bila kuhamishwa inaweza kuikata posti pale pale penye emoji, kila ulichoandika baada ya kale kauso kanakocheka kinapotea. Mtu anaapa saiti imemfutia makusudi!

Haya brauza. Kabla hujabadilisha brauza ukitegemea posti zikae sawa, jua kwamba majina ni mengi ila injini, yani programu ya ndani inayosoma HTML na kuchora ukurasa, zenye uzito zimebaki tatu. Blink ya Google, iliyojitenga na WebKit mwaka 2013, iko ndani ya Chrome, Edge (tangu Januari 2020), Opera, Brave, Vivaldi na wengine wengi. WebKit ni ya Safari. Gecko ni ya Firefox. Kwa hiyo ukitoka Chrome ukaenda Brave umebadilisha mambo ya faragha na matangazo, ila enta yako inageuzwa na mtu yuleyule. Na kwenye iPhone ndo kabisa, Apple walilazimisha brauza zote zitumie WebKit, ukiweka Chrome pale ni Safari imevaa koti la Chrome, na kuanzia iOS 17.4 ya Machi 2024 mlango umefunguliwa Umoja wa Ulaya kwa sababu ya sheria yao ya masoko ya kidijitali.

Mimi naandikia kwenye Firefox. Sababu ya kwanza ni ya ubinafsi, ikizimika ghafla nikairudisha mara nyingi inarudi na maandishi niliyokuwa nayo kwenye fomu za kawaida, na mtu aliyewahi kupoteza posti ndefu ananielewa. Pili, uBlock Origin kamili, kiongezi cha kuzuia matangazo, bado inafanya kazi pale wakati Chrome wameiondoa walipohamia Manifest V3, kanuni zao mpya za viongezi, na ukurasa usio na matangazo yanayorukaruka ni ukurasa ambao boksi la kuandikia haliniserereki chini ya kidole. Tatu, ni injini tofauti na ya wengi, kwa hiyo kikikaa sawa Firefox na kwenye Chrome nikakicheki kikakaa sawa, nalala. Ina adha zake, kuna saiti zinakwambia kwa jeuri kabisa "tumia Chrome", na ukichunguza unakuta hamna sababu ya kiufundi, hawakupima tu. Chrome ninayo ya kupimia, Safari ninayo ya kuumia.

Na namna ninavyoandika: naandika kwenye programu ya maandishi matupu, bila fonti bila rangi, halafu nabandika kwa Ctrl+Shift+V badala ya Ctrl+V, inachukua lile toleo tupu na kuacha takataka zote nyuma. Safari ya Mac inataka Option, Shift, Command na V kwa pamoja, vidole vinne, sijui walikuwa wanawaza nini. Kwenye Android ukigandamiza kwa muda mara nyingi unaletewa chaguo la kubandika kama maandishi matupu. Vichwa, herufi nzito na linki naweka mwishoni kabisa kwa vitufe vya saiti yenyewe, ili tagi zitakazotoka ziwe zile saiti inazozijua. Kama umeshabandika kichafu, tafuta kile kitufe cha T yenye mkwaju au msalaba, kinafuta fomati, unaanza upya.

Ukija kuniuliza tena basi niletee brauza na toleo lake, simu au kompyuta, na maandishi uliyatoa wapi kabla ya kubandika, hilo la mwisho ndo linanipa jibu mara nyingi. Na tafadhali nitumie maandishi yenyewe kama faili, picha ya skrini hainisaidii, kwenye picha nafasi ya kawaida na ile isiyokatika zinafanana.