Mashavu si kipimo cha damu

Pita soko la Kongowea na mtoto mwenye mashavu, wauza mchicha watakwambia, "Mashaallah, huyu ana afya!" Wengi wetu Mombasa tunaamini utapiamlo ni mbavu kuonekana tu. Sivyo. Mtoto anaweza kunenepa kwa uji mweupe na mahamri huku mwili umepungukiwa madini ya chuma, yanayotengeneza damu. Akiba aliyozaliwa nayo huelekea kuisha akifika miezi 6. Aendelee kunyonya, lakini maziwa pekee hayatoshi tena. Vuta taratibu ngozi ya chini ya jicho: ndani pakiwa peupe badala ya pekundu, mpeleke akapimwe damu. Mpe samaki, maini kidogo, maharagwe yaliyokamuliwa ndimu. Na chai, tafadhali mama, hata ya maziwa, usimpe: hupunguza chuma kinachofyonzwa tumboni.