Neno "assassination": maana, asili na matumizi yake

Kila inapokaribia tarehe 7 Aprili, wanafunzi wa skuli na waandishi wa habari hutuuliza katika kitengo chetu cha tafsiri: "assassination" tuliandike vipi kwa Kiswahili? Ndilo neno ambalo vitabu vya Kiingereza hulitumia vinapoeleza kifo cha Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyepigwa risasi Kisiwandui mwaka 1972.

Si kila mauaji huitwa hivyo. Mwizi akimuua mwenye nyumba, hiyo ni "murder". Ili iwe "assassination", aliyeuawa awe mtu mwenye cheo au sauti katika jamii, na kifo chake kiwe kimepangwa, aghalabu kwa sababu ya siasa au itikadi. Mahakamani neno hili halina kazi kubwa: mashitaka huwa ya kuua kwa makusudi, au ya uhaini pale aliyelengwa ni mkuu wa nchi.

Asili yake ni Kiarabu. Mwaka 1090, Hassan-i Sabbah, kiongozi wa Waismailia wa Nizari, tawi la Washia, aliitwaa ngome ya Alamut katika milima ya kaskazini mwa Uajemi. Wafuasi wake walikuwa wachache, wamezungukwa na dola ya Waseljuki yenye majeshi makubwa. Waliona bora wamtume mtu mmoja na kisu chake amfuate kiongozi wa maadui kuliko kuingia vitani. Waziri wa Waseljuki, Nizam al-Mulk, aliuawa hivyo mwaka 1092. Miaka mia baadaye, huko Tyre, mji wa pwani ya Lebanon ya leo, akauawa Conrad of Montferrat, aliyekwisha kuchaguliwa kuwa mfalme wa Jerusalem.

Waislamu waliowapinga Waismailia hao waliwaita hashishiyya. Askari wa vita vya Msalaba wakalisikia jina hilo Shamu, wakarudi nalo Ulaya, likapita Kiitaliano na Kifaransa hadi Kiingereza, likawa "assassin". Shakespeare alitumia "assassination" katika tamthilia yake Macbeth, mwanzoni mwa karne ya 17.

Hashishi kwa Kiarabu ni majani makavu, na baadaye ikawa bangi, kama vijana wetu wanavyoiita bangi "majani". Hapo ndipo ilipozuka hadithi kwamba wale watu walileweshwa kwanza ndipo wakatumwa kuua. Marco Polo akaongeza na bustani ya siri yenye raha za peponi. Wanahistoria wengi wa leo hawaiamini, na mimi pia siiamini: mtu anayejipenyeza katika nyumba ya mkubwa na kungoja siku yake anahitaji akili timamu. Hashishiyya lilikuwa tusi tu.

Kwetu jambo hili ni la kuangaliwa sana, maana Waismailia ni majirani zetu wa miaka mingi. Jengo la Hospitali ya Zamani pale Mizingani, Unguja, lilianzishwa na tajiri Tharia Topan, naye alikuwa Muismailia. Mwalimu anayesimulia hadithi ya bangi darasani kama historia iliyothibitika anamvunjia heshima mwanafunzi aliyekaa mbele yake.

Katika tafsiri, andika "kuuawa kwa njama", au "mauaji ya kisiasa" ikiwa sababu ya kisiasa imethibitika. Habari ikiwa bado mbichi, "ameuawa kwa kupigwa risasi" inatosha; tusiwatangulie wapelelezi. Na "character assassination" msiifanye "mauaji ya tabia", kama ninavyoiona magazetini. Kiswahili chetu kinayo: kumpaka mtu matope.