Sindano ya kupunguza uzito haiyeyushi mafuta

Wengi huamini kwamba sindano hizi huyeyusha mafuta mwilini. Tirzepatide, mojawapo ya sindano hizo, haifanyi hivyo. Huiga homoni mbili za utumbo, GLP-1 na GIP: ubongo hupata ishara ya shibe mapema, kongosho hutoa insulini sukari inapopanda, na tumbo huchelewa kupitisha chakula kwenda kwenye utumbo, hasa wiki za mwanzo. Mtu hula kidogo, basi mwili hutumia akiba yake.

Kwa kuwa tumbo hucheleweshwa, dozi hupandishwa polepole: miligramu 2.5 mara moja kwa wiki kwa wiki 4, kisha 5. Kila nyongeza ya 2.5 husubiri angalau wiki 4. Ukomo ni 15. Anayeruka hatua anaweza kutapika na kuharisha hadi aishiwe maji, na hapo figo huwa hatarini.

Katika SURMOUNT-4, jaribio la tirzepatide, washiriki walipungua uzito takriban asilimia 21 kwa wiki 36. Waliobadilishiwa sindano isiyo na dawa waliongezeka asilimia 14 kufikia wiki ya 88. Walioendelea wakazidi kupungua. Dawa ikitoka, njaa hurudi.

Retatrutide, dawa nyingine ya aina hii, huongeza njia ya tatu, ya homoni ya glukagoni, ambayo huchochea matumizi ya nishati. Hiyo angalau inakaribia dhana ya kuyeyusha, ingawa kupungua kwa hamu ya kula bado kuna sehemu kubwa.