Maneno tata kwenye masharti ya LC: tunavyodhani na ukweli ulivyo

Wengi wanaoanza kutumia LC (letter of credit, yaani ahadi ya benki ya mnunuzi kumlipa muuzaji akileta nyaraka zilizotajwa) wanaamini kwamba neno likiwa halieleweki kwenye orodha ya nyaraka, benki itaangalia nia yako, au itampigia muuzaji simu muelewane. Hapana jamani. Benki inashughulika na karatasi tu, mzigo haiuoni, na LC nyingi sana zinaendeshwa kwa kanuni zinazoitwa UCP 600 za ICC (chama cha kimataifa cha wafanyabiashara), zilizoanza kutumika Julai 2007, na kanuni hizo zina majibu yake tayari kwa maneno mengi ambayo sisi tunayaandika tu bila kufikiri.

Dhana: "Nimeandika cheti kitoke kwa mkaguzi wa daraja la kwanza, niko salama."

Hauko salama hata kidogo. Kifungu cha 3 cha UCP 600 kinasema maneno kama daraja la kwanza, anayejulikana, huru, rasmi, mwenye sifa au wa hapo hapo yakitumika kumuelezea mtoaji wa hati, basi hati hiyo inaweza kutolewa na yeyote yule isipokuwa muuzaji mwenyewe anayelipwa. Yeyote! Kampuni ya shemeji yake iliyofunguliwa wiki iliyopita inatosha kabisa kwa benki. Na ukiacha kabisa kusema nani atoe na cheti kiseme nini, ndio mbaya zaidi, kifungu cha 14 kinaitaka benki ikipokee kilivyo mradi kinaonekana kufanya kazi ya hati uliyoomba na hakipingani na nyaraka zingine, na hapo hata muuzaji anaweza kujiandikia mwenyewe. Dawa ni kutaja jina la kampuni ya ukaguzi.

Dhana: "Cheti cha ukaguzi maana yake mzigo umepimwa na uko vizuri."

Hii ndio inaniuma zaidi kwa sababu watu wanapoteza hela halali kabisa hapa. Kuna kesi maarufu ya 1972, Commercial Banking Company of Sydney dhidi ya Jalsard, iliyofika mpaka Privy Council, mahakama ya rufaa kule London. Mnunuzi wa Australia aliagiza taa za Krismasi za betri kutoka Taiwan, LC ikadai cheti cha ukaguzi, basi, hakuna maelezo mengine. Vyeti vikaja, wakaguzi wameangalia idadi na hali ya mzigo na wamesimamia ufungaji, benki ikalipa, taa zikafika mbovu. Mnunuzi akaishtaki benki na akashindwa, maana cheti cha ukaguzi kwa uchache kinamaanisha mtu ameutazama mzigo kwa macho, na kama ulitaka ziwashwe zijaribiwe moja moja au kwa sampuli ulitakiwa useme hivyo kwenye LC. Kwa hiyo wewe unayeagiza jenereta au pampu, andika cheti kiseme nini: zimewashwa, zimejaribiwa kwa njia gani, matokeo yakoje.

Dhana: "Nikiandika mzigo upakiwe haraka, muuzaji amebanwa."

Hajabanwa. Haraka, mara moja, mapema iwezekanavyo, benki inayaruka yote kama hayapo. "Tarehe 10 au karibu na hapo" ni siku 5 kabla mpaka siku 5 baada, yaani tarehe 5 hadi 15. Mwanzo wa mwezi ni tarehe 1 hadi 10, katikati 11 hadi 20, mwisho 21 hadi siku ya mwisho. Weka tarehe, yaishe.

Dhana: "Takriban ni kidogo tu."

Ni asilimia 10 juu au chini, ila kwa kile tu neno limekigusa: ukiliweka kwenye kiasi cha mzigo, thamani ya LC haisogei. Wauza ufuta na kahawa waangalie na hili, LC ikitaja tani bila neno hilo wala katazo lolote kuna ruhusa ya asilimia 5 mradi hela usizidishe, ikitaja idadi ya magunia ruhusa hiyo haipo.

Dhana: "Nimeweka sharti kwamba mzigo uwe wa msimu huu, benki itahakikisha."

Itahakikisha kwa karatasi gani? Sharti lisilo na hati ya kulithibitisha benki halilihesabu. Likipingana na hati yoyote iliyoletwa hapo ndipo inaweza kukataa, lakini muuzaji akikaa kimya tu kuhusu msimu, analipwa.

Dhana: "Utata ni hasara ya mnunuzi, mimi muuzaji sina shida."

Ni kweli miongozo ya ICC inasema mwombaji wa LC, yaani mnunuzi, ndiye anayebeba hatari ya utata wa maelekezo yake. Ila benki ina hadi siku 5 za kazi kuzikagua nyaraka zako, ikizikataa unaanza kubishana huku kontena liko bandarini linakula storeji na mnunuzi anakuomba umpunguzie bei, na wengi wanakubali kwa sababu wamechoka. Soma fildi 46A (nyaraka zinazotakiwa) na 47A (masharti ya ziada) siku LC inapofika, kabla lori halijatoka ghalani, ukiona neno linaweza kusomeka kwa namna mbili omba marekebisho. Na mnunuzi akikujibu WhatsApp "hiyo usijali bosi", bado huna kitu, maana LC haibadiliki mpaka benki iliyoitoa, benki iliyoithibitisha (iliyoongeza ahadi yake ya kulipa) kama ipo, na wewe mwenyewe mkubali.