Je, wajua dalali wako anaweza kuwa pia wa muuzaji, hata kama hawajawahi kuonana?

Wengi hudhani mgongano wa maslahi huanza pale mtu mmoja anapowahudumia mnunuzi na muuzaji yeye mwenyewe. Kila upande ukiwa na dalali wake, mambo ni shwari. Sivyo. Kwa kawaida anayekuwakilisha kisheria ni kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba wako, si yule aliyekutembeza kwenye nyumba. Madalali wawili wa matawi tofauti ya kampuni moja ni mikono miwili ya mwili mmoja.

Hilo lilithibitishwa katika jimbo la California, Marekani, mwaka 2016. Mnunuzi wa nyumba ya Malibu alikuwa na dalali wake, na muuzaji naye alikuwa na wake, madalali wote wawili wa kampuni moja. Tangazo lilitaja takriban futi za mraba 15,000. Kumbukumbu za umma zilionyesha pungufu. Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kuwa dalali wa muuzaji naye alidaiwa uaminifu kwa mnunuzi, sawasawa na kampuni yake.

Sasa, ukiridhia kampuni moja iwawakilishe nyote wawili, unakuwa umekubali nini? Tuseme nyumba imetangazwa kwa 200. Muuzaji amemnong'oneza dalali kwamba hata 180 atapokea. Mnunuzi naye amesema akibanwa atafika 195. Kampuni inazijua namba zote mbili, na haiwezi kumpa mmoja ushauri wa bei bila kumsaliti mwenzake. Kinachobaki ni kunyamaza. Saini yako, basi, inapunguza huduma uliyoitafuta: uliyemtegemea akuambie utoe ofa ya ngapi hatakuambia tena. Fomu nyingi hulisema hili kwa maneno laini mno.

Ndiyo maana kuarifiwa tu hakutoshi. Ridhaa iwe ya maandishi, na itangulie siri: ielezwe unapomwajiri dalali, kisha ithibitishwe nyumba mahususi inapopatikana, kabla ofa haijaandikwa. Ikiletwa siku ya kukabidhiana, siri zimeshatoka. Kampuni inaweza kupoteza kamisheni, na mauzo yenyewe kubatilishwa.

Ukimya huo hauhusu kasoro. Dalali akijua paa linavuja, lazima aseme.

Sheria za majimbo ya Marekani hazifanani. Florida na Colorado zinakataza uwakilishi wa aina hii. Kwingine kampuni huteua dalali kwa kila upande na kuzuia taarifa zisivuke. Usiporidhia, omba kampuni ikuachilie kwa nyumba hiyo moja, ukawakilishwe na nyingine.