Jeti ya zamani ya kabureta haifai kutupwa ovyo
Ukipeleka pikipiki ya zamani gereji hapa Dar es Salaam, utaambiwa: "Nenda Kariakoo, nunua seti nzima ya kabureta, toa kila cha zamani." Ushauri huo umeharibu kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) nyingi nzuri. Jeti, yaani kile kipande kidogo chenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta, ni ya shaba; petroli haiili, huiziba tu kwa utando ikilala muda mrefu. Ioshe, ipulize kwa upepo. Tafadhali usiichokoe kwa waya: tundu likipanuka hata kidogo, pikipiki itakula mafuta. Jeti ya kwenye seti ya bei rahisi huweza kuwa na namba ileile ya ukubwa wa tundu, lakini tundu lenyewe likawa tofauti. Vinavyochoka kweli ni raba, yaani oringi, na gasketi, na ncha ya sindano ya boya, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa. Hivyo nunua vipya. Jeti moja tu nayo huchakaa: sindano ndefu inayopanda na slaidi, kile kipande kinachoinuka ukivuta mafuta, husuguana na jeti yake. Ukiona michubuko, badilisha zote mbili pamoja.